Bosi amegoma ugali wake

Shikamoo Bwana Mifugo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kihonda hapa Morogoro, na nakuandikia kwa ajili ya mbwa. Mume wangu akijua nimekaa chini kuandika barua ya mbwa atanicheka wiki nzima, kwa hiyo jina langu liache.

Mbwa wetu anaitwa Bosi. Tulimchukua akiwa na miezi miwili kwa rafiki wa mume wangu, ambaye jike lake, chotara wa wale mbwa wa Kijerumani, lilizaa watoto saba. Sasa anakimbilia mwezi wa sita. Sikio moja limesimama, jingine bado limelala. Tangu aingie kwetu chakula chake ni ugali wa dagaa, asubuhi na jioni, na alikuwa anakula mpaka bakuli linatembea. Analisukuma kwa ulimi kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye karo la kufulia, na mwanangu mkubwa alikuwa akiweka jiwe mbele lisisogee.

Jumanne ya wiki iliyopita nilimwekea kama kawaida. Akanusa, akaniangalia, akalisukuma bakuli kwa pua. Halafu akaanza kukusanya mchanga kwa hiyo hiyo pua akiufukia ule ugali, taratibu, pande zote. Sikufichi, niliumia. Leo ni siku ya tano. Dagaa anawachambua mmoja mmoja na kuwala, ugali haugusi. Nikichanganya vizuri asiweze kuchambua, anaacha vyote.

Nimejaribu kumbembeleza. Siku ya pili nilimkaangia kitunguu na nyanya, nikamwagia juu kama mchuzi, akala nusu. Kesho yake nikarudia, akakataa. Maziwa anakunywa. Kuna bibi jirani yetu, mtu wa swala tano, mbwa hamgusi, ila ana huruma naye kuliko hata sisi: kila asubuhi akimaliza kupika chapati zake za biashara humrushia juu ya ukuta zile zilizoungua. Hizo Bosi anazila. Tena akisikia tu kifuniko cha jiko la bibi anakwenda kukaa chini ya ukuta.

Kila mtu ana dawa yake. Mume wangu anasema nimwache na njaa mpaka akili imrudi, kwao Mahenge mbwa hawakuwahi kuulizwa wanataka kula nini. Mlinzi wa nyumba ya tatu anasema ana mfupa kooni, tumshike mdomo aupanue auchomoe kwa mkono. Dada anayenisaidia kazi anataka tumpe nusu kidonge cha parasetamoli, kwamba labda ni homa. Mama mkwe anasema ameshaona sisi tunakula nini.

Mimi sioni kama anaumwa sana. Anatafuna kila anachokiona. Ndala za mume wangu zimekwisha, mguu wa stuli umeliwa, na juzi nilikuta damu kidogo kwenye ndala. Ila kucheza amepunguza, mchana analala chini ya mwembe. Chanjo alipata moja, ya pili tarehe yake ilitukuta msibani na hatukurudi tena. Kupe ninamtoa mwenyewe nikiwaona.

Na si kwamba tuna shida ya unga. Mwezi wa tatu tulinunua mashineni viroba vitatu vya ule unga wa mifugo, kwa bei ya kutupa. Kiroba cha mwisho kililowa kidogo stoo wakati wa masika, lakini nilikianika juani siku mbili, mabonge nikayachekecha, na ndicho tunachotumia sasa.

Naomba unisaidie: nimwache na njaa kama mume wangu anavyosema, au ndiyo nijikaze nimnunulie chakula cha dukani? Bei yake nimeiona, nikarudisha mfuko kwenye shelfu.

Ni mimi,
Mama wa Kihonda


Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikuondolee aibu. Mume anayecheka barua ya mbwa ni yule yule atakayekuwa wa kwanza kuamka usiku siku mbwa asipobweka. Umefanya vizuri kuandika, na umeandika vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu jibu ninaloliona umelitaja mwenyewe, mwishoni, ukiwa unanihakikishia kwamba huko hakuna tatizo.

Hicho kiroba.

Nitakirudia sasa hivi. Swali lako ulilouliza nalijibu kwa mkato: usimwache na njaa. Njia ya mumeo ipo, na kwa mbwa mkubwa, mwenye afya, aliyezoea kudekezwa, hufanya kazi, nitaieleza huko mbele. Lakini mtoto wa mbwa wa miezi mitano anajenga mifupa kila siku, na akiba mwilini hana. Mbwa wa umri huu akipitisha saa 24 bila kula kitu chochote, huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo, si wa kufundishwa adabu. Bosi hajafika huko, kwa sababu anakula dagaa, anakunywa maziwa na anaila chapati ya jirani. Na hapo ndipo panaponipa shaka. Aliyeishiwa hamu ya kula hukataa vyote. Bosi hajaishiwa hamu. Amekataa kitu kimoja, tena anakichambua na kukitenga, halafu anakifukia.

Kufukia kwa pua usikuchukulie kama dharau. Ni tabia ya asili ya mbwa, hufukia wasichotaka kula sasa. Wewe uliona maziko, mimi nikisoma naona mbwa mwenye pua nzuri.

Unga uliolowa na maji stoo, ukashika mabonge, ni unga ulioota ukungu, hata kama kwa macho umerudi kuwa mweupe. Wapo ukungu wanaotoa sumu tunayoiita sumukuvu, na mahindi na karanga ndizo nyumba zao wazipendazo. Ulipouanika uliondoa unyevu. Ulipouchekecha uliondoa mabonge. Sumu yenyewe haikuondoka, kwa sababu haikaushwi na jua, na ukiupika ugali ukaiva mpaka ukaungua, bado ipo. Hapa wengi wanakosea, wasomi na wasio wasomi: wanadhani moto unaua kila kitu. Moto unaua ukungu. Sumu aliyokwisha kuiacha ukungu haina uhai wa kuuawa.

Sisi tuliosomea mifugo, somo hili tulianzishiwa na bata mzinga. Mwaka 1960 kule Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa muda mfupi, watu wakadhani ni ugonjwa mpya wa ndege. Walipofuatilia wakakuta ni mashudu ya karanga yaliyokuwa kwenye chakula chao. Ndivyo sumukuvu ilivyojulikana. Usione ni habari za mbali: mwaka 2004 upande wa mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliua watu 125, na mwaka 2016 yakaua watu hapa kwetu, Dodoma na Manyara. Na mbwa ni miongoni mwa wanyama wasioivumilia kabisa. Ini lake linaumia mapema, na dalili ya kwanza mara nyingi ndiyo hiyo hiyo uliyoniandikia: anasogea kwenye bakuli, anakataa, anapunguza uchangamfu, analala zaidi. Zinazofuata ni kutapika, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, weupe wa macho na fizi kuwa manjano, wakati mwingine kinyesi chenye damu. Ukiona hata moja kati ya hizo, acha kusoma barua hii, panda bajaji.

Sisemi kwamba Bosi ana sumukuvu. Sijamwona, na kutibu kwa barua ni kazi ya waganga wa kwenye nguzo za umeme. Ninasema kiroba hicho kisimpikie mtu wala mnyama tena, kuanzia jioni ya leo. Na hapa nakufahamu, mwanangu, kwa sababu nimeingia stoo nyingi za watu wema: utasema basi niwape kuku. Hapana. Kuku nao kinawaumiza, na ng'ombe wa maziwa akilishwa, sumu inapita mpaka kwenye maziwa mnayokunywa. Usimpe jirani mwenye nguruwe. Chimba shimo, mwaga, fukia. Najua pesa imo humo. Ila huo uliouita bei ya kutupa, mashine nayo ilikuwa na sababu ya kuutupa. Unga wa mifugo mara nyingi ni punje zilizovunjika, zilizobaguliwa, za sakafuni, na hizo ndizo ukungu anazianza. Mbwa mmoja wa umri huo hali unga mwingi kiasi cha kukufilisi. Mpikie unga mnaokula ninyi, au ule ukoko unaobaki kwenye sufuria, mradi ulitoka kwenye unga mzima.

Sasa jaribio. Kesho asubuhi, kabla bibi jirani hajawasha jiko, chukua kipande cha maini kilichochemshwa vizuri, ukubwa wa kidole gumba, bila chumvi. Mpe mkononi, umwangalie usoni badala ya kuangalia mkono. Akilimeza mara moja na kutazama kama kuna jingine, mdomo wake mzima, tumbo linataka, na mashtaka yote yanabaki kwa ule ugali. Akilitaka, akalichukua, akalitafuna upande mmoja, akalidondosha na kulichukua tena, basi kinamuuma kinywa. Na akigeuza kichwa mbele ya maini, mbwa wa miezi mitano, usingoje mchana.

Nimesema maini yachemshwe, narudia kwa sababu mabucha mengi humpa mtu pafu na maini ya mbwa yakiwa mabichi. Yanaweza kuwa na vifuko vya maji vya minyoo tegu wa mbwa, na mbwa akivila vibichi, mayai ya minyoo hiyo hurudi nyumbani kwenye manyoya yake na kwenye mikono ya watoto wako. Chemsha mpaka ndani kusiwe na wekundu.

Tukija kwenye kinywa, ile damu ya kwenye ndala imenifurahisha. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, na kuanzia kama mwezi wa nne hadi wa saba yanang'oka yote ili yaingie 42 ya ukubwani. Mwezi wa tano na wa sita ndipo chonge na magego yanasukumana, fizi zinavimba, na ndiyo maana mguu wa stuli umeliwa. Mengi huyameza, hutayaona. Ukibahatika utakuta jino kwenye mkeka, dogo, limechongoka, kama punje ya mchele. Mbwa wa hali hiyo anaweza kukataa ugali mgumu uliopoa ukawa kama tofali, huku chapati laini akiimeza. Kwa hiyo huo ndio mshtakiwa wangu wa pili. Dawa yake ni rahisi: ugali uwe laini, wa vuguvugu, ulegeze kwa supu ya dagaa. Mpe kitambaa safi kilicholowa maji baridi akitafune. Mfupa wa kuku uliopikwa usimpe kamwe, unavunjika vipande kama sindano.

Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, pembeni, uangalie fizi. Zinatakiwa ziwe za waridi na ziwe na unyevu. Bonyeza kidogo, paweupe, achia, rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Fizi zilizopauka kama karatasi kwa mbwa mwenye kupe, hiyo ni homa ya kupe mpaka daktari aseme vinginevyo, na nayo huanza kwa kukataa kula. Kuwatoa kwa mkono ni vizuri lakini hakutoshi, wale wadogo wa ndani ya masikio na katikati ya vidole huwaoni. Nunua dawa ya kupe duka la mifugo, na umwambie muuzaji uzito wake na umri wake.

Nimesema pembeni, kwa kidole gumba. Sikusema umpanue mdomo, na sasa namjibu mlinzi wa nyumba ya tatu, ambaye simjui lakini nimeshakutana na wenzake wengi. Asiingize mkono. Mbwa mwenye kichaa, katika hatua fulani, koo na taya zinalegea, hawezi kumeza, udenda unamtoka, sauti inabadilika, na anaonekana kabisa kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Watu wenye huruma ndio wanaoingia mkenge huo, mkono unaingia kwenye mate, na mate ndiyo njia ya ugonjwa. Bosi simwoni huko: anameza dagaa, anakunywa maziwa, anamkimbilia bibi. Lakini umeniambia chanjo yake ni moja, na kwa umri wake karibu nina hakika haikuwa ya kichaa, maana hiyo huanza kutolewa akifikisha miezi mitatu. Kwa hiyo yeye leo hana kinga, na mtaani kwenu wapo mbwa wasio na mwenyewe. Akitokea siku moja kumng'ata au kumkwaruza mtu, au akang'atwa mtoto na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, ukitazama saa, halafu moja kwa moja hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, hakuna mganga wala daktari anayekirudisha.

Na ile chanjo ya pili iliyopitiliza msibani ndiyo inayomkinga na kirusi cha parvo, ambacho kwa watoto wa mbwa ni msiba wa siku mbili au tatu: kutapika, kuhara damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Tarehe kupita si dhambi, daktari ataianzisha upya. Umwombe na dawa ya minyoo hapo hapo. Mpaka afike miezi sita anatakiwa aipate kila mwezi.

Kitunguu. Umekuwa ukimpa kwa mapenzi, kwa hiyo nasema polepole: kitunguu ni sumu kwa mbwa. Kibichi, cha kukaanga, cha unga, na kitunguu saumu vilevile. Kinavunja chembe nyekundu za damu, na huonekana siku kadhaa baadaye, fizi zinapauka na mkojo unakuwa mwekundu. Sahani nusu ya siku moja haitamwangusha mbwa wa ukubwa wake, lakini ukiongeza na unga ule, ini na damu vimepewa kazi mbili kwa wiki moja. Chokoleti na zabibu, mbichi au kavu, navyo usimpe. Na kile kidonge cha dada kirudi kwenye kopo. Parasetamoli inaumiza ini la mbwa, na hili la Bosi sitaki kuliongezea neno. Diklofenaki ndiyo kabisa, hata robo usimpe, nimeona mbwa wazima wakitapika damu kwa kidonge cha mgongo wa baba mwenye nyumba.

Mpaka hapa nimemlaumu kila mtu isipokuwa Bosi. Naye ana lake. Mama mkwe wako kapatia: ameona ninyi mnakula nini, na amegundua kwamba ukutani kuna mkahawa. Mbwa anayejua chapati yenye mafuta inakuja saa moja asubuhi hana haraka na ugali wa saa mbili. Bibi usimvunje moyo, mtu asiyegusa mbwa kwa imani yake na bado anamlisha ni jirani wa kuombewa umri mrefu. Nenda umsalimie, mweleze mbwa yuko kwenye dawa (na kweli yuko), umwombe zile za kuungua akupe wewe mkononi badala ya kurusha. Wewe ndiye utakayechana kipande kidogo na kukichanganya na chakula cha bakuli, mwisho wa kula, si mwanzo.

Hapo ndipo inaingia njia ya mume wako. Akishaonwa na daktari, akishakuwa na unga mzima, fizi zake nzuri, na bado anaringa: weka bakuli, hesabu dakika 20, liondoe hata kama hajagusa, bila kumgombeza na bila kumbembeleza. Kati ya mlo na mlo hakuna kitu. Mpe mara tatu kwa siku mpaka amalize mwezi wa sita, ndipo zibaki mbili, maana asubuhi na jioni tu ni kidogo kwa tumbo la mtoto. Na usishtuke akila pungufu kuliko alipokuwa na miezi mitatu. Kasi ya kukua inapungua umri huu, na lile bakuli lililokuwa linatembea mpaka kwenye karo huenda lisirudi kutembea hivyo.

Chakula cha dukani ni kizuri, kimepimwa, lakini mfuko uliourudisha kwenye shelfu usikunyime usingizi. Mbwa wa nchi hii wamekua kwa ugali. Kosa letu ni kuwapa ugali mwingi na dagaa wa kunukia tu, ndiyo maana unaona mbwa wa miezi minane wana matege. Bosi mwenyewe amekufundisha alipokuwa anachambua. Geuza hesabu: nusu ya bakuli au karibu iwe dagaa, yai la kuchemsha, pafu au maini, na nusu ugali laini wenye mchicha au karoti iliyoiva. Dagaa waoshwe maji matatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni, na wale wa kukaushwa kwa chumvi usiwanunue kwa ajili yake. Wachemshe wazima na mifupa yao, hiyo ndiyo chokaa ya mifupa yake. Chakula kipya uanze kumwingizia kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, usimbadilishie ghafla utamharisha. Isipokuwa unga wa kiroba, huo hauna wiki ya kuagana.

Na wewe uko Morogoro, ambako watu wa mikoa mingine wangepatamani: hospitali ya wanyama ya SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko mjini kwenu. Mpeleke Jumatatu asubuhi, au leo hii ukiona manjano au matapishi. Daktari atataka kujua alichokula, na wengi hufika na mbwa mkononi na maneno mdomoni. Wewe kabla hujachimba lile shimo, chota vikombe viwili vya unga huo, vitie kwenye kopo kavu lenye mfuniko, andika juu yake tarehe uliyofungua kiroba, uende nalo. Watoto wasilifikie. Na osha lile bakuli kwa maji ya moto.

Bwana Mifugo